Gormless: tusi la Waviking lililookolewa na mtoto wa kiwandani

Mwaka 2025 ilitimia miaka 120 tangu kuchapishwa kwa juzuu la sita na la mwisho la Kamusi ya Lahaja za Kiingereza, kazi kubwa iliyohaririwa na Profesa Joseph Wright wa Chuo Kikuu cha Oxford na kutolewa hatua kwa hatua kuanzia mwaka 1898 hadi 1905, ambayo mpaka leo haijapata mpinzani katika fani yake. Lahaja, yaani sura ya lugha inayozungumzwa katika eneo fulani kwa matamshi, msamiati na sarufi ya watu wa huko, kama zilivyo Kiamu na Kimvita kwa Kiswahili, zilihesabiwa nchini Uingereza kwa muda mrefu kuwa usemi wa watu wasiosoma, na kwa sababu hiyo historia ya kamusi hiyo haiwezi kutenganishwa na historia ya dharau. Hakuna neno linaloifichua dharau hiyo, pamoja na makosa yake, zaidi kuliko lile ambalo watu wa Yorkshire na Lancashire, majimbo mawili ya kaskazini, walilitumia kumtaja mtu aliyezubaa: gormless.

Maana ya neno hilo yataka kupambanuliwa vizuri, kwa kuwa si kila mpumbavu anastahili kuitwa hivyo. Mjinga wa kawaida hajui jambo kwa sababu hakufundishwa, na mpumbavu mwenye kiburi hujiona anajua. Lakini anayeitwa gormless ni yule ambaye mambo hupita mbele ya macho yake yaliyo wazi bila kuyaona, anayeambiwa neno akabaki ameduwaa, anayesimama njiani huku wenzake wakikwepa gari. Ni zuzu asiye na ubaya wowote, na ndiyo maana tusi hilo hutamkwa mara nyingi kwa masikitiko kuliko kwa hasira, hasa na mama kwa mwanawe au na fundi kwa mwanagenzi wake. Kinachokosekana kwa mtu huyo ni uangalifu, na ukosefu huo ndio uliomo ndani ya muundo wa neno lenyewe, ambalo kiambishi chake cha mwisho humaanisha kutokuwa na kitu, na kitu hicho ni gaum, neno la kale la kaskazini lenye maana ya kuzingatia, kutega sikio, kuelewa.

Asili ya gaum ni Kinorsi cha Kale, lugha ya mabaharia na wakulima wa Skandinavia ambao historia inawaita Waviking, na katika lugha hiyo neno gaumr lilikuwa na maana ya uangalifu. Jeshi lao liliuteka mji wa York mwaka 866, na miaka kumi baadaye askari hao wakagawana mashamba ya Northumbria na kuanza kulima, kuoa na kuzaa, hata ikafika wakati ambapo sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki ya Uingereza ilijulikana kwa jina la Danelaw, yaani nchi inayofuata sheria za Wadenmark. Utawala wao wa mwisho mjini York uliondolewa mwaka 954, lakini lugha haikuondoka pamoja na wafalme. Mitaa ya York ambayo majina yake yanaishia na gate haikupewa jina la lango lolote, bali la njia, kwa kuwa gata ni njia katika Kinorsi. Na mtoto wa Yorkshire aliyesema kwamba anakwenda kucheza alitumia kitenzi laik, cha asili hiyohiyo. Hata Kiingereza sanifu kiliazima kutoka huko maneno ya kila siku kama yale yanayotaja dirisha, yai na kiwakilishi cha nafsi ya tatu wingi, jambo ambalo wengi wanaowacheka watu wa kaskazini hawalikumbuki.

Ukoo wa neno hilo unakwenda mbali zaidi ya hapo. Katika Kigothi, lugha iliyokufa ambayo imehifadhiwa hasa na tafsiri ya Biblia ya karne ya nne inayonasibishwa na Askofu Wulfila, kitenzi gaumjan kilimaanisha kuona na kutambua. Kiingereza cha Kale nacho kilikuwa na ndugu wa damu wa neno hilo, kitenzi gieman, kuangalia na kutunza, ambacho katika zama za Kiingereza cha Kati kilitamkwa yeme kabla ya kupotea kabisa. Kwa maneno mengine, kusini mwa Uingereza kulikuwa na neno lake lenyewe la uangalifu na likaachwa life, ilhali kaskazini ililishika neno la wageni wake, lililokwisha kuandikwa kufikia takriban mwaka 1200, ikalitunza vinywani kwa karne nyingi bila msaada wa shule wala kamusi. Huko Iceland, ambako lugha ya Waviking imebadilika kidogo kuliko mahali pengine popote, msemaji wa leo anayetaka jambo lizingatiwe bado husema lipewe gaum.

Ukiliweka neno hili kando ya maneno mengine ya Kiingereza yanayotaja upumbavu, tofauti yake inajitokeza. Daft, linalopendwa sana kaskazini na Scotland, lilitokana na neno la Kiingereza cha Kale lililomaanisha mpole na mnyenyekevu, na silly, ambalo limeenea kila mahali, lilianza kwa maana ya mwenye heri, aliyebarikiwa, kabla ya kushuka ngazi kwa ngazi: kutoka mbarikiwa hadi asiye na hatia, kutoka asiye na hatia hadi dhaifu wa kuhurumiwa, na hatimaye mpumbavu. Ni historia ya kusikitisha, kwa kuwa inaonyesha jinsi jamii inavyoweza kuanza kwa kuuheshimu upole na kuishia kuucheka. Barmy hutokana na povu la hamira ya kuchachushia pombe, na gowk la Scotland ni jina la Kinorsi la ndege kekeo, ambaye watu huko walimhusisha na desturi ya kumtuma mtu safari za bure siku ya kwanza ya Aprili. Maneno hayo yote yalifika kwenye upumbavu kwa kuzunguka, kwa kupitia wema, pombe au ndege, bali gormless lilisema tangu mwanzo kile linachokisema sasa, kwamba mtu huyu hana uangalifu. Na usahihi wa namna hiyo haupatikani katika usemi wa watu wasiofikiri.

Katika maandishi, sura ya kale ya neno hilo huonekana katikati ya karne ya 18, na mwaka unaotajwa kwa kawaida na wanaofuatilia asili yake ni takriban 1746. Mwaka huo John Collier, mwalimu wa shule wa kijiji cha Milnrow karibu na Rochdale, aliyejiita Tim Bobbin, alitoa kitabu cha mazungumzo kilichoandikwa kwa lahaja ya Lancashire, na ni miongoni mwa waandishi wa kwanza walioonyesha kwamba usemi wa wafumaji na wachungaji ungeweza kubeba hadithi ndefu. Wakati huo liliandikwa gawmless au gaumless, bila herufi r.

Karne moja baadaye neno hilo liliingia katika mojawapo ya riwaya kuu za Kiingereza. Emily Brontë, aliyekulia katika kijiji cha Haworth huko Yorkshire, alichapisha Wuthering Heights mwaka 1847, na humo alimweka mtumishi mzee aitwaye Joseph anayesema lahaja ya huko bila kulegezewa, pamoja na bwana wake Heathcliff, ambaye katika sura moja anamtazama kijana Hareton na kumuuliza mlezi wa nyumba kama yeye mwenyewe, katika umri huo, aliwahi kuonekana mpumbavu kiasi hicho, akiongeza neno gaumless na kusema kwamba ndivyo Joseph anavyoliita. Uzito wa swali hilo upo katika jambo ambalo msomaji analijua tayari: Hareton hakuzaliwa zuzu, bali Heathcliff mwenyewe alimnyima elimu kwa makusudi, akamwacha akue bila kujua kusoma, ili kulipiza kisasi kwa marehemu baba wa kijana huyo. Uzubavu wa kijana huyo ulitengenezwa na mtu, na mtengenezaji ndiye anayemcheka.

Emily alifariki dunia Desemba 1848, na toleo jipya la riwaya hiyo lilipoandaliwa mwaka 1850, dada yake Charlotte aliirekebisha tahajia ya maneno ya Joseph, akieleza kwa mchapishaji kwamba usemi ule ulikuwa sahihi kabisa masikioni mwa mtu wa Yorkshire, lakini wasomaji wa kusini wasingeuelewa. Charlotte hapaswi kuhukumiwa kwa ukali, kwa kuwa alitaka kitabu cha marehemu kisomwe. Hata hivyo uamuzi wake ulikuwa wa kusikitisha, maana kwa miaka mingi iliyofuata wasomaji walipewa Joseph aliyelainishwa. Mtafiti K. M. Petyt, katika kitabu kidogo kilichotolewa mwaka 1970 na Chama cha Lahaja cha Yorkshire, aliulinganisha usemi wa Joseph na lahaja ya Haworth na kuonyesha kwamba sikio la Emily lilikuwa makini sana.

Si zaidi ya kilomita 20 kutoka Haworth, katika kitongoji cha Thackley karibu na mji wa Bradford, alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1855 mtoto ambaye, kama Hareton, angekua bila kujua kusoma, isipokuwa yeye alinyimwa elimu na umaskini. Chanzo kikuu cha habari za maisha ya Joseph Wright ni wasifu ulioandikwa na mjane wake, Elizabeth Mary Wright, na kuchapishwa mwaka 1932, na ni vigumu kuusoma bila kuguswa. Akiwa na umri wa miaka sita aliajiriwa kuongoza punda wa mkokoteni katika machimbo ya mawe, akipeleka zana kwa mhunzi zikanolewe na kuzirudisha kwa wachimbaji. Akiwa na miaka saba aliingia katika kiwanda kikubwa cha sufu cha Titus Salt huko Saltaire, ambako watoto walipewa kazi ya kuchomoa vibiringo vilivyojaa uzi kwenye mashine na kuweka vitupu mahali pake, huku sehemu ya siku wakipelekwa katika shule ya kiwanda. Lakini shule hiyo haikumfikisha mbali, na baadaye, alipohamia kiwanda kingine na kufanywa mchambuaji wa sufu, alikuwa bado hawezi kusoma gazeti.

Vita vya mwaka 1870 kati ya Ufaransa na Prussia ndivyo vilivyoibadili hali hiyo. Mfanyakazi mwenzake alikuwa akisoma habari za vita kwa sauti wakati wa chakula, na kijana Wright, aliyekuwa na miaka 15, aliona uchungu kutegemea macho ya mtu mwingine, akaanza kujifundisha kusoma na kuandika kwa kutumia vitabu viwili vilivyokuwapo nyumbani, Biblia na Safari ya Msafiri ya John Bunyan. Kutoka hapo hakusimama tena. Alikwenda masomo ya jioni baada ya kazi, akajifunza Kifaransa, Kijerumani na Kilatini, kisha akafungua darasa lake mwenyewe la jioni kwa ajili ya vijana wenzake, akitoza ada ya peni mbili kwa wiki. Mwaka 1876, akiwa ameweka akiba ya pauni 40, alivuka bahari hadi Antwerp na kutoka huko akatembea kwa miguu mpaka Heidelberg nchini Ujerumani, ili asipunguze fedha za masomo kwa nauli. Alirudi Uingereza fedha hizo zilipokwisha, akafundisha shule, akaenda tena, na mwaka 1885 akapata shahada ya udaktari katika chuo hicho kwa utafiti wa irabu za Kigiriki zikilinganishwa na za lugha nyingine za jamii ya Kihindi-Kiulaya.

Mtu wa namna hiyo angeweza kuuficha usemi wa utotoni, kama walivyofanya wengi waliopanda kutoka viwandani hadi vyuoni, lakini Wright alifanya kinyume. Mwaka 1892 alichapisha sarufi ya lahaja ya Windhill, kijiji alichokulia, akiichambua kwa taratibu zilezile ambazo wasomi wa Kijerumani walizitumia kwa Kigiriki na Sanskriti. Na mwaka huohuo alitoa kitabu cha kuanzia Kigothi, ambacho kijana J. R. R. Tolkien alikuja kukipata angali shuleni, kabla ya kufundishwa na Wright mwenyewe huko Oxford. Vitabu hivyo viwili vya mwaka mmoja vinatosha kueleza kwa nini yeye, kuliko msomi yeyote wa wakati wake, alifaa kuandika historia ya neno kama gaum: alilisikia machimboni kabla hajajua herufi, na aliweza kulifuata hadi katika Biblia ya Wulfila.

Kazi ya kamusi ilianzia kwa Chama cha Lahaja za Kiingereza, kilichoanzishwa mwaka 1873 na Walter Skeat wa Cambridge kwa hofu kwamba reli na shule zingezimaliza lahaja kabla hazijaandikwa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa sheria ya elimu ya mwaka 1870, iliyosimamiwa na W. E. Forster, mbunge wa Bradford, ilileta shule kwa watoto wote, na katika shule hizo mtoto aliyetamka maneno ya nyumbani alisahihishwa kama aliyekosea hesabu. Chama kilikusanya orodha za maneno kutoka kila jimbo, zikanakiliwa kwenye vikaratasi, neno moja kwa karatasi, na Skeat alipomkabidhi Wright shehena hiyo ilikuwa na uzito wa takriban tani moja. Wright aliona kwamba haitoshi. Aliwaandikia watu wa kujitolea nchi nzima, makasisi, walimu, wakulima na wanawake wa vijijini, akataka ushahidi wa kila neno, maana yake na mahali linaposemwa, na mamia yao wakaitikia.

Wachapishaji hawakutaka kubeba hasara ya kitabu ambacho waliona hakitauzika, na kwa hiyo Wright alikitoa kwa gharama na dhamana yake mwenyewe, akitegemea watu waliojiandikisha kununua mapema, hadi Arthur Balfour, mwanasiasa aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, alipomsaidia kupata ruzuku kutoka mfuko wa kifalme. Elizabeth Mary Lea, mwanafunzi wake aliyemwoa mwaka 1896, alifanya kazi ya kamusi bega kwa bega naye, na mwaka 1913 alichapisha kitabu chake mwenyewe kuhusu usemi na imani za watu wa mashambani, ambamo alieleza kwamba ndani ya hazina ile kulikuwa na njia zipatazo 1,300 za kumwambia mtu kwamba ni mpumbavu. Wingi huo umekuwa ukichukuliwa kama kichekesho. Ungefaa zaidi kuchukuliwa kama ushahidi kwamba watu wa vijijini waliutazama udhaifu wa binadamu kwa makini, wakatenganisha mzembe, mzubavu, mropokaji na mwenye kurukwa na akili, kila mmoja kwa jina lake.

Wright aliteuliwa kuwa profesa wa isimu linganishi huko Oxford mwaka 1901, akastaafu katikati ya miaka ya 1920 na kufariki mwaka 1930, na watu waliomfahamu walishuhudia kwamba lafudhi ya Yorkshire haikumtoka kamwe.

Neno lenyewe lilipata bahati ambayo maneno mengi ya juzuu zile sita hayakuipata, kwa kuwa lilivuka mipaka ya kaskazini na kuingia katika Kiingereza cha nchi nzima. Lilipovuka lilibadilisha tahajia: watu wa kusini, ambao hawatamki r inayofuata irabu, waliisikia gaum na kuiandika gorm kwa kufuata tahajia yao, na hivyo herufi ambayo haikuwahi kuwa sehemu ya neno ikaingia na kukaa. Waigizaji wa majukwaani walilisaidia kusambaa, na maarufu kati yao alikuwa George Formby wa Kwanza wa Lancashire, aliyefariki mwaka 1921, ambaye mhusika wake John Willie, kijana mzubavu kutoka Wigan, aliwachekesha watu wa London kwa miaka mingi, na mwanawe wa jina hilohilo akaendeleza sura hiyo katika filamu za miaka ya 1930 na 1940. Umaarufu huo ulikuwa na gharama, maana watazamaji wa kusini walizoea kumwona kila mtu wa kaskazini kuwa John Willie, na neno ambalo watu wa Lancashire waliliumba kumkosoa mzubavu likageuzwa kuwa picha ya Lancashire nzima.

Utafiti wa Wright uliendelezwa baada ya vita kuu vya pili na Harold Orton wa Chuo Kikuu cha Leeds akishirikiana na Eugen Dieth wa Zürich, ambao walituma wadadisi katika maeneo 313 kati ya mwaka 1950 na 1961, wakiwauliza wazee wa vijijini maswali zaidi ya 1,300 kila mahali na kurekodi sauti zao. Taasisi iliyotokana na kazi hiyo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati fedha za vyuo zilipokatwa, na kufungwa kwake ni hasara isiyo na udhuru, kwa kuwa waliohojiwa walikwisha kuzeeka na wasingeweza kuhojiwa tena. Katika miaka ya karibuni chuo hicho kimezifungulia umma kanda na daftari zake kwa msaada wa fedha za urithi zinazotokana na bahati nasibu ya taifa, hatua njema iliyochelewa.

Kamusi ya Wright nayo ilihamishiwa kwenye kompyuta katika Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, chini ya uongozi wa Manfred Markus, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuipekua bila malipo. Kwamba kazi hiyo ilibidi ifanywe Austria ni heshima kwa Innsbruck na ni deni kwa vyuo vya Uingereza. Msomaji atakayetaka kuliona neno la Hareton mahali lilipowekwa na mtoto wa machimboni alifungue juzuu la pili, la mwaka 1900, lenye herufi D hadi G, alitafute chini ya gaum, bila r.